Tangi Kisiwani, Madebe Mjini

Jamani, sisi wauza mafuta ya taa wa Singapore tumemkosea nani? Mwaka huu wa 1892 hata Kampuni ya Mfereji wa Suez, iliyokuwa haitaki kusikia habari ya mafuta ya tangini, imelegea. Meli ya matangi Murex, ya Bwana Marcus Samuel, mfanyabiashara wa London, imepakia kama tani 4,000 za mafuta ya taa kule Batum, bandari ya Bahari Nyeusi, Agosti ikapita mferejini salama salimini. Ikatie nanga bandarini kwetu? Thubutu! Serikali ya kikoloni haitaki matangi ndani ya mipaka ya bandari. Nendeni kisiwa cha Bukom, kilomita tano hivi kusini mwa mji, mkakae na mafuta yenu.

Sasa hebu tazama kilichozoeleka kabla ya hapo. Sanduku la mbao, ndani madebe mawili, kila moja galoni nne. Debe limelehemiwa ubavuni, limevuka bahari kutoka Marekani likitikiswa usiku na mchana, chumvi inalila bati. Lehemu ikiachia, mafuta yanatuama ngamani, chini kabisa ya meli, mvuke unajikusanya pasipo upepo. Halafu anatokea mwerevu mmoja na taa mkononi, anataka kuona kinachonuka ni nini!

Tangi la meli nalo? Limegawanywa vyumba vyumba, na juu lina shingo ya kupanukia mafuta. Joto likiongezeka nyuzi kumi za Selsiasi, mafuta ya taa hupanuka karibu sehemu moja katika mia, yaani kwa shehena ile ni nafasi ya tani arobaini hivi. Pasipo shingo, ama yanamwagika ama chuma kinapasuka. Ukiacha tangi nusu, yanakwenda mrama huku na huku mpaka meli inalala ubavu. Shingo inatibu yote mawili. Lakini mwenye kanuni yake akisikia tani 4,000 mahali pamoja, masikio yanaziba.

Haya, sitamnyima haki yake yote. Tangi likitoboka, mafuta yanaelea juu ya maji kati ya mashua za mbao, na jiko moja tu linatosha kuunguza bandari. Tena sheria ya Uingereza inaridhika na mafuta ambayo mvuke wake haushiki moto chini ya nyuzi 73 za Farenhaiti, kama 23 za Selsiasi. Hapa kwetu mchana unapita 30! Basi bana kipimo, bwana mkubwa. Kagua mafuta yenyewe. Na utuambie pia kuhusu tangi tupu, maana hilo ndilo la kuogopwa: limebaki na mvuke na hewa, cheche inangoja tu. Wenzetu wanalisafisha kwa mvuke wa maji moto mpaka linaweza kupakia chai na mchele.

Kisha nini? Mafuta yaliyofukuzwa yakiwa tangini yanarudi mjini kwa tishari, yamo ndani ya madebe! Maana mteja hataki kupimiwa kwenye mtungi wake. Anataka debe, maana mafuta yakiisha linakuwa ndoo, linakuwa sufuria, linakuwa paa. Kwa hiyo bati linaagizwa Uingereza, linakatwa, linalehemiwa, linajazwa, linapakwa rangi nyekundu. Na mteja analigeuza, analigongagonga, anauliza: mbona si la buluu, kama lile la Marekani?