Mkono wangu sio yai

Jumamosi nyumba ilijaa watu, mtoto wa binamu yangu ana miezi mitano, anapokezanwa tu huku na huku, zamu yangu ikafika nikanyoosha mikono, mara shangazi akamdaka hewani kama mpira. "Weee, mkono wako huo! Daktari si alikukataza?" Sebule nzima kimya, macho yote kwenye kwapa langu. Nikacheka kile kicheko cha kuficha aibu, nikajifanya naenda kunywa maji, kumbe naenda kulia.

Shangazi simlaumu sana, ananipenda na mwezi mzima baada ya oparesheni ya saratani ya titi yeye ndo alikuwa ananifunga sidiria. Nailaumu ile karatasi. Mliopitia mnaijua, fotokopi ya fotokopi, unapewa siku ya kuruhusiwa ukiwa bado na ule mrija unaotoa maji ubavuni. Usinyanyue kizito. Usipime presha mkono huu. Usichomwe sindano. Usipande ndege hivi hivi. Nilihesabu "usi" 17, na hakuna hata moja iliyosema kwa nini, wala hakuna mstari mmoja wa "fanya". Na kizito ni kilo ngapi? Sufuria? Mtoto? Huzuni?

Hatari ya mkono kuvimba ninayo, sikatai. Walinitoa tezi 14 za limfu kwapani kulia, tatu zilikuwa na ugonjwa, halafu mionzi juu yake. Wanaotolewa tezi za kwapa namna hiyo, karibu mmoja kati ya watano mkono unakuja kuvimba, wakati wale wanaochukuliwa zile tezi mbili tatu za mwanzo tu ni kama mmoja kati ya ishirini. Na uvimbe hauji na tarehe, unaweza kuja baada ya miezi au miaka.

Sasa mi nikatii karatasi. Miezi mitano natembea mkono umekunjwa kifuani kama nimebeba trei isiyoonekana. Matokeo yake? Bega likakaza, nikawa siwezi kufikisha kitana kisogoni (nywele zenyewe ndo kwanza zinarudi baada ya dawa za saratani, kemo, bora hata zisingekuwepo). Dada wa mazoezi ya viungo aliponiona akauliza, nani kakwambia uuhifadhi huo mkono, unauwekea nani? Ndo akanieleza kitu ambacho kingetosha kuandikwa kwenye karatasi kwa mistari miwili: maji ya limfu, yale yanayopita kwenye hizo tezi, hayana moyo wa kuyasukuma kama damu, yanategemea sana misuli ikikaza na kuachia. Ukiulaza mkono unanyong'onyea, halafu siku maisha yakikulazimisha kunyanyua kitu, na yatakulazimisha, unaukuta hauna nguvu na unazidiwa na kazi ndogo tu.

Na sio maneno yake peke yake jamani. Mwaka 1996 kule Vancouver daktari wa michezo anaitwa Don McKenzie aliwachukua wanawake 24 waliopona saratani ya matiti akawapigisha makasia kwenye yale mashua marefu ya Kichina, kitu ambacho wakati ule kila mtu aliamini kitawavimbisha mikono. Hakuna aliyevimba. 2009 ukatoka utafiti wa wanawake 141 ambao tayari mikono yao imevimba, nusu yao wakanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki mwaka mzima, wakianza na vyepesi na kuongeza kidogo kidogo, huku wamevaa slivu, yaani mkono wa nguo, ya kubana. Mikono haikuzidi, tena kuchachamaa kukapungua. 2009! Fotokopi yangu haijapata habari.

Haya, sindano na presha. Utafiti wa Boston wa 2016, vipimo vya mikono zaidi ya 3,000, haukukuta kwamba kutolewa damu, kupima presha au kupanda ndege kunahusiana na mkono kuvimba. Mkono wa pili ukiwepo bado natoa huo, sawa, sina ubishi na nesi. Ila waliofanyiwa pande zote mbili tuwatoboe wapi, kisigino?

Na nakubali, shingo upande, kwamba "usi" za ngozi ni za kweli. Kidonda kikiingia wadudu ni balaa, mkono ukiwa mwekundu, wa moto na homa juu unakimbilia antibayotiki siku hiyohiyo, husubiri kesho. Glovu navaa. Uzito wa mwili nao unachangia, ndio, nimesikia, tuendelee.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hakuna aliyepima mkono wangu kabla ya kisu. Futi ya fundi cherehani tu! Nimejianzishia mwenyewe, kila tarehe 1, mikono yote miwili, naweka alama ya kalamu kiganjani, kwenye kifundo, halafu kila sentimita 10 kupanda juu. Pete ikianza kubana au kidole gumba kikiacha shimo nikibonyeza, nakwenda. (Na mkono ukivimba, msituite wenye matende. Ya mbu ni mengine.)

Jumamosi hiyohiyo jioni binamu yangu mwenyewe akanifuata jikoni, hakusema kitu, akanibwagia mtoto. Kilo 7 na ushee. Dambeli yangu ya sasa hivi ni kilo 5, nikamkalisha kwenye nyonga nikamshika kwa huo huo wa kulia, akanikojolea mpaka kiwiko. Leo tarehe 1 nimepima. Sentimita 27 na nusu, kama mwezi uliopita.