Mimi Nimetoka, Ovaroli Imebaki Shimoni

Kuna watu wazima, wenye familia na kazi zao, wanasafiri na matrela na mahema na majenereta kwenda kutafuta tope. Kwa makusudi. Afu wanalipia kiingilio. Wanakufunga utepe mkononi ka mgonjwa aliyelazwa, unapita geti, na kuanzia hapo ukionekana msafi watu wanakutazama kwa mashaka.

Mi nilipelekwa na shemeji. Kaka wa mke wangu huyo, na wenye ndoa mnaelewa kwamba kaka wa mke akisema twende huwa hakuulizi. Ana kwadi, yaani zile pikipiki za magurudumu manne, sa yake imekula hela mpaka hata aliyeitengeneza akiletewa atauliza hii nini. Kainyanyua juu, kaiwekea matairi makubwa yenye meno marefu ya kuchimba, rejeta kaing'oa kule chini kaipandisha juu ya keria ya mbele, kwasababu tope likishaziba yale mapezi yake hewa haipiti na injini inachemka fasta. Afu mbele ya hendo zimesimama bomba tatu zinaangalia juu, moja injini inavutia hewa, mbili za lile kasha la mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, moja inaingiza hewa nyingine inatoa. Maana mkanda ukilowa tu unateleza, we unakanyaga mafuta injini inapiga kelele na chombo hakiendi popote.

Njia nzima nilikuwa nafundishwa. Shemeji ikizima ndani ya maji usiwashe! Maji hayabonyei kama hewa, pistoni ikipanda ikayakuta kule juu kitakachopinda ni mkono wake, hapo injini kwaheri. Unaivuta nje kwanza, unatoa plagi, unapiga staata mpaka maji yaruke kwenye tundu, unaangalia oili, ukiona imegeuka nyeupe nyeupe ujue yameingia, unamwaga yote. Mi naitikia tu, ndio shemeji, sawa shemeji. Sikujua kwamba siku hiyo injini ndo kitu pekee kitakachotoka salama.

Kambini jirani yetu alikuwa mzee mmoja na kile chombo cha magurudumu matatu, vile vya zamani kabisa. Honda walianza kuvitoa mwaka 1970 na vilipendwa balaa, ila vilikuwa vinapindua watu sana kwenye kona mpaka Marekani mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali kuacha kuviuza vipya. Cha mzee kinadunda mpaka leo. Shemeji akamuuliza kwa heshima, mzee wangu, kwani kwadi hauna? Mzee akasema anayo, nzima, iko nyumbani, inasubiri kitu fulani. Hatukuuliza kitu gani. Afu akaniangalia mimi.

Nilikuwa nimevaa ovaroli ya mpira, zile za wavuvi zenye buti humohumo, inaanzia miguuni inapanda mpaka kifuani ina kanda za mabegani. Ya kuazimwa, ya shemeji. Mzee akauliza, "Kijana, hiyo mbona hujaifunga mkanda kiunoni?" Kabla sijafungua mdomo shemeji akajibu kwa niaba yangu, "Haina haja mzee, yeye ni abiria tu."

Mzee akatikisa kichwa, akaendelea kuweka mafuta chombo chake.

Sa kwenye hizi mbuga za tope kuna njia nyingi nzuri tu, vijito, misitu, sehemu za kupita umekaa kwa amani. Hakuna anayeenda huko. Watu wote wako kwenye shimo kubwa, wamepanga viti pembeni, maspika yamefungwa juu ya kwadi yanapiga kila moja wimbo wake, vijibendera vinapepea kwenye fimbo ndefu, na wanasubiri kitu kimoja tu, mtu akwame. Ukipita salama unapigiwa makofi ya kinyonge ya kukufukuza. Ukikwama wanasimama.

Sisi walisimama.

Tuliingia vizuri, siwezi kumkosesha shemeji haki yake. Gia ya chini, mafuta taratibu, tope linaruka pande zote na mi nyuma nimeng'ang'ania vile vishikio nasoma dua. Katikati ya shimo nikahisi tumeacha kwenda mbele tumeanza kwenda chini. Matairi yakajichimbia mpaka kwadi ikakalia tumbo, basi hapo imeisha, hata ukanyage vipi matairi yanazunguka tu na wewe upo palepale. Shemeji akazidi kukanyaga, taa nyekundu ya joto ikawaka, mvuke ukaanza kutoka kwenye rejeta, akazima. Akachomoa ufunguo akanipa.

"Shemeji weka mfuko wa kifuani hapo usije ukapotea."

Nikaweka. Zipu nikafunga. Naomba hilo lieleweke, zipu nilifunga.

"Sa shuka na ndoano ya winchi, kaizungushe kwenye ule mti."

Mti ulikuwa ng'ambo, si mbali kwa anayetembea kwenye ardhi. Winchi, ile mashine ya mbele ya kuvutia kwa kamba, ukiilegeza kiloko chake kamba inatoka yenyewe, haihitaji umeme, kwahiyo nikashuka na ndoano mkononi. Mguu wa kwanza ukaenda mpaka gotini. Wa pili ukaenda mpaka pajani. Nikasema ah, nipige hatua kubwa nifike haraka, na hiyo hatua ndo iliyonipeleka mpaka kifuani, afu nikasikia ubaridi unashuka kwa ndani, kwanza tumboni, kisha mapajani, kisha kwenye vidole vya miguu. Ovaroli ilikuwa inajaa. Nikaelewa mkanda wa kiunoni kazi yake ni nini, ni kuzuia hicho kitu, na nikamwona yule mzee kule ukingoni kasimama mikono nyuma ananiangalia kwa huruma ya mtu anayejua.

Nikavuta mguu. Hamna. Tope zito likishakushika linanyonya, ukivuta chini kunabaki hakuna hewa na linakuvuta zaidi. Shemeji kule juu ya kwadi ananiita, shemeji lete ufunguo nipige winchi, maana ile winchi swichi yake inapitia kwenye ufunguo, bila ufunguo ni mapambo. Namwambia shemeji siwezi kusogea. Ananiambia basi urushe. Nauchukuaje na mfuko uko chini ya tope na mkono mmoja umeshika ndoano!

Vijana wawili wenye miili wakaja na ubao mrefu wakaulaza juu ya tope, wakatambaa, wakanishika kwapa huku na huku. Mmoja akasema tukihesabu tatu usijikaze. Sikujikaza. Nikasikia kanda za mabegani zimeachia, pa, pa, afu nikatoka. Mimi. Ovaroli haikutoka. Nilichomolewa mzima mzima, fulana, helmeti, na bukta yenye mioyo myekundu ambayo mke wangu alininunulia kwa mapenzi yake yote. Sa kumbuka aliyekaa pale juu ya kwadi ni kaka yake. Shemeji akageuza uso akaangalia miti. Kwa heshima kabisa. Umati wao hawakugeuza chochote, na jamaa mmoja akazima mziki wake ili asikie vizuri watu wanavyocheka.

Nikageuka kuangalia nilipotoka. Tope lilishajifunga, laini kabisa, na ndani yake kuna ovaroli, ndani ya ovaroli mfuko, ndani ya mfuko ufunguo.

Ikabidi kwadi ivutwe na wengine. Likaja gari la dada mmoja lenye winchi kubwa, wakafunga kapi kwenye mti kamba ikarudi mara mbili ili nguvu iongezeke, maana kwadi yenyewe ni zaidi ya kilo 300 na hapo hujahesabu tope lililoganda na lile linalonyonya chini. Kila kitu tayari, yule dada wa winchi akasimama akasema hapana, kamba lazima iwekewe nguo katikati, ikikatika nguo inaipa uzito inaanguka chini badala ya kuruka kumkata mtu. Jambo la maana sana. Nani ana nguo ya kutoa? Watu wote wakaniangalia mimi.

Yaani mimi! Watu mia wamevaa majaketi pale, wakaniangalia mimi niliyebaki na fulana moja. "We si umeshachafuka," kijana mmoja akasema. Nikavua. Basi mimi hapo ukingoni, bukta na helmeti, fulana yangu inaning'inia kwenye kamba kama bendera ya nchi yangu mwenyewe, na kwadi ikatoka taratibu na mlio mrefu wa aibu, watu wakashangilia kwadi.

Kwadi nzima, injini nzima, haijameza tone. Ila haiwaki bila ufunguo, na ufunguo wa akiba wa shemeji uko nyumbani kwenye droo. Kwahiyo wakaanza kuuvua kama samaki. Walileta fito, reki, ndoano ya winchi imefungwa kwenye bomba, wakawa wanachokonoa kuanzia pembeni kuelekea niliposimama. Ikatoka buti moja ya kushoto. Watu hoyee. Ikatoka fimbo ya bendera imepinda. Ikatoka miwani ya kuendeshea, ikatoka namba ya gari, kila kitu kikitoka kinashangiliwa na hakuna hata mwenye kuja kukidai. Shemeji sa hizo ananong'ona, "Shemeji hii bukta, dada akiuliza mi sikuiona," namwambia sawa shemeji.

Afu jamaa wa reki akapiga kelele, nimeipata! Wakavuta watu wanne, ikatoka nzito imejaa, ovaroli kabisa, buti zote mbili. Wakaimwaga. Mfuko wa kifuani, zipu imefungwa, wakalazimisha zipu, ufunguo huo! Nilikumbatiwa na watu nisiowajua. Shemeji akakimbilia kwenye kwadi, akaingiza ufunguo.

Haukuzunguka.

Akautoa akaupangusa, akaingiza tena. Hamna. Akaniangalia. Nikaiangalia ile ovaroli, wameshaimwagia maji kidogo, na chini ya tope ni kijani. Ya kwetu ilikuwa ya kahawia.

Kimya kidogo, afu kule nyuma tukasikia mtu anasema samahani, samahani, naomba kupita. Yule mzee. Akachuchumaa, akaigeuza ovaroli akaangalia kwa ndani kwenye shingo, akacheka peke yake. "Ya kwangu hii," akasema. "Ya mwaka jana."

Akampa shemeji mkono, shemeji akampa ufunguo.

"Fundi kila siku ananiambia tubadilishe swichi nzima," mzee akasema, anaufuta kwa kidole gumba. "Nikamwambia hela yangu sitoi, ufunguo ninao, tena najua ulipo."

Akautia mfukoni, akaibeba ovaroli yake begani inachuruzika, akaanza kuondoka. Afu akasimama akanigeukia.

"Hiyo yako umesema ulikuwa unaelekea upande wa ule mti?"

"Ndio mzee."

"Aah." Akaangalia shimo, akaangalia mti. "Kule ndo kina chenyewe. Mimi yangu ilikuwa huku pembeni."