Chombo Hakishuliwi Mikono Mitupu

Kwenye kifuniko cha mtungi wa Manunggul, mtungi wa kale wa mifupa ya wafu kutoka Ufilipino, pana mashua ya udongo, na mashuani wamekaa watu wawili. Wa tezini ndiye mwenye kasia. Bapa lake lilikatika na kupotea, lakini mikono bado imeshika. Wa omoni amekunja mikono kifuani. Yeye hapigi kasia, anapelekwa. Wote wawili wana utepe wa kitambaa uliopita utosini ukashuka hadi chini ya taya.

Hapo kwenye taya ndipo mimi hunasa. Nimelelewa pwani, na kwetu mtu akikata roho jambo la mwanzo ni kumfumba macho na kumfunga taya. Kitambaa hicho nimekishika kwa mkono wangu, siku aliyofariki babu mzaa mama, ambaye alikuwa fundi wa majahazi. Nilipouona mtungi ule pichani kwa mara ya kwanza sikungoja kusoma maelezo. Nilijua ni safari gani ile.

Mtungi wenyewe ulipatikana mwaka 1964 kwenye pango la Manunggul, katika rasi ya Lipuun, kisiwani Palawan, Ufilipino. Ulihifadhi mifupa: maiti alizikwa kwanza, nyama ikaisha, ndipo mifupa ikakusanywa na kuwekwa humo. Umri wake unakadiriwa kati ya mwaka 890 na 710 K.K. Leo umo Makumbusho ya Taifa jijini Manila. Na gubeti la ile mashua ndogo limechongwa uso wenye macho na mdomo, kwa mtindo uleule wa nyuso za wale abiria wawili. Maana yake mashuani mle wapo watatu, na wa tatu ni chombo chenyewe.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusoma habari za vyombo vya Ufilipino zilizogawanywa mafungu mawili: useremala huku, imani kule. Kwanza utaambiwa urefu, tanga na aina ya mbao. Mwishoni kabisa, kama kuna nafasi, utaongezewa mistari miwili kuhusu "ushirikina wa wenyeji". Mgawanyo huo wameuleta wasimuliaji. Mafundi hawakuwa nao.

Chukua balangay, mashua za kale za mbao, za Butuan. Mwaka 1976, watu waliokuwa wakichimba kutafuta dhahabu huko kaskazini mwa Mindanao walikutana na mbao za mashua kwenye tope. Vyombo vingine viliibuka baadaye, kimoja kikikaribia mita 15, na vipimo vya karibuni vinavirudisha karne ya 8 hadi ya 10. Hakuna msumari hata mmoja. Mbao zimeungwa ubavu kwa ubavu kwa vigingi vya mti. Upande wa ndani wa kila ubao fundi ameacha vinundu, akavitoboa, na kupitia matundu hayo taruma zikafungwa kwa kamba za nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya minazi. Mti waliotumia sana ni doongon, na huo tunao: ni msikundazi wetu, ule unaoota pembezoni mwa mikoko ya Rufiji na Lamu.

Sasa vifikirie vile vinundu. Havikugongomewa, vilichongwa pamoja na ubao wenyewe. Fundi alilianza gogo nene akalipunguza kwa tezo, chenga kwa chenga, hadi ukabaki ubao mwembamba wenye nundu zake. Sehemu kubwa ya mti iliishia kuwa vibanzi ardhini. Ukiangusha mti mzima ukaondoka na mbao mbili tatu, huwezi kuondoka kimya. Ndiyo maana sishangai kwamba Wailokano wa Luzon ya kaskazini huomba ruhusa kwa mangmangkik, roho za miti, kabla ya kukata, na kwamba Mtagalogi apitaye porini bado husema "tabi-tabi po", kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ya watu. Ombi lile lilikuwa hatua ya kwanza ya ujenzi. Lilimkumbusha mwenye shoka kwamba anachukua kitu chenye mwenyewe.

Babu naye alikuwa hagusi mkuku bila Bismillahi, na siku ya kushua chombo kisomo kilitangulia kamba. Sisemi imani ni moja. Mimi ni Mwislamu na sitatoa sadaka kwa roho wa mti. Lakini najua kazi ya mbao inavyomnyenyekeza mtu, maana chombo kitabeba roho za watu juu ya kitu ambacho hakuna fundi anayekitawala.

Wabisaya, watu wa visiwa vya katikati ya Ufilipino, walikuwa na Magwayan. Mhispania Miguel de Loarca aliandika mwaka 1582 kwamba, kwa itikadi yao, huyo ndiye aliyepakia roho za marehemu ndani ya barangay yake, yaani mashua yake, na kuzivusha. Na neno hilohilo, barangay, lilikuwa pia jina la jamii inayoishi chini ya datu, yaani chifu, mmoja. Kasisi Juan de Plasencia alilieleza hivyo mwaka 1589, akisema asili yake ni mashua. Hadi leo barangay ni ngazi ya chini kabisa ya serikali nchini Ufilipino, nazo ni zaidi ya 42,000. Unayeishi naye, unayesafiri naye, anayekuvusha ukifa: neno moja. Sijui lugha nyingine iliyoliweka jambo hili wazi namna hiyo.

Watagbanwa wa Palawan wana ibada iitwayo runsay. Hufanywa usiku ufukweni, na chelezo cha mianzi chenye chakula husukumwa baharini kwa ajili ya salakap, roho waletao tauni. Watu hao huchekwa kwa kuamini hivi. Lakini kijiji kizima kimesimama gizani pamoja, kimepika pamoja, kimeitazama hofu yake ikiondoka na maji. Tuliokaa peke yetu vyumbani mwaka 2020 tukihesabu vifo kwenye simu hatuna la kuwacheka.

Na huko Batanes, visiwa vya kaskazini kabisa mwa Ufilipino, wenyeji wake Waivatan ni Wakatoliki, tena wa dhati. Wavuvi wao wa jadi, mataw, bado wana desturi ya kuchinja mnyama bandarini msimu unapofunguliwa mwezi Machi, kuwakaribisha samaki arayu. Msalaba haukulazimika kuiondoa damu ile mawe­ni.

Kinachoniuma zaidi ni Wasama Dilaut, watu wa bahari ya Sulu, wa Tawi-Tawi na Sitangkai, ambao wengi walivuka mpaka kuingia Sabah, jimbo la Malaysia, vita vilipopamba moto kusini mwa Ufilipino miaka ya 1970. Mashua yao ni lepa, nyumba yenye tanga. Tangu mwaka 1994 mji wa Semporna, Malaysia, hufanya tamasha la lepa zilizopambwa bendera za rangi zote, na watalii hufurika na kamera. Katika wilaya hiyohiyo, Juni 2024, nyumba za Wasama hao juu ya maji zilibomolewa, na wengi wao hawana uraia wa nchi yoyote. Lepa inashangiliwa, mwenye lepa anafukuzwa. Huko ndiko kunakofika kuzitenganisha mbao na watu wake.

Zamani, Msama aliyeishi maisha yake yote majini akifariki, mashua yake iliweza kupasuliwa, na mbao zilezile alizozaliwa juu yake, akala, akalala, zikawa jeneza. Juu ya kaburi walisimamisha sunduk, mti uliochongwa nakshi, na mara nyingi kitako cha mti huo kilikuwa na umbo la mashua.