Theluji ya Chicago: lami ya jiji, njia ya miguu ya nani?

Chicago theluji iliwahi kumng'oa meya. Januari 1979 dhoruba ililemaza jiji, na mwezi uliofuata Michael Bilandic akabwagwa na Jane Byrne kwenye kura ya mchujo ya chama chao cha Democratic. Tangu hapo hakuna meya anayeleta mzaha na barabara. Theluji ikianza tu, malori ya Idara ya Mitaa na Usafi yako kazini, yanamwaga chumvi na kusukuma: barabara kuu na Lake Shore Drive, ile ya kando ya ziwa, kwanza, mitaa ya makazi baadaye.

Huduma hiyo inaishia ukingoni mwa lami. Njia ya miguu ni mzigo wa mwenye nyumba au duka. Theluji iliyoanguka mchana iondolewe kabla ya saa nne usiku, ya usiku kabla ya saa nne asubuhi, na pafunguliwe upana wa futi 5. Anayepuuza anaweza kupigwa faini.

Utaratibu huu una mantiki yake. Mwenye nyumba yuko palepale na koleo lake. Jiji likiibeba kazi hiyo litahitaji vitrekta, madereva wa zamu za usiku na fedha za kodi hata kwa msimu wenye theluji kiduchu. Tena kulipa si kupata. Toronto husafisha karibu njia zake zote za miguu, lakini dhoruba za Februari 2025 zilipoangusha zaidi ya sentimita 50, wakazi walisubiri siku na siku huku wakilalamika.

Hata hivyo, hoja ya "kila mtu na mbele ya kwake" inasahau kwamba njia ni mnyororo. Nyumba tisa zimesafishwa, ya kumi ni gofu lililotwaliwa na benki, halina wa kulisafishia. Anayetumia kiti cha magurudumu safari yake imekwisha hapo. Na kona ndiyo mbaya zaidi. Mwenye duka anafungua mteremko wa kuvukia asubuhi, saa moja baadaye lori la jiji linapita na kurundika tuta la theluji palepale. Likishaganda, koleo haliingii, na mama mwenye kigari cha mtoto anashuka barabarani katikati ya magari. Hapo utamtoza nani faini?

Kwa maoni yangu, Rochester, jimbo la New York, wamekaribia jibu. Theluji ikifika inchi kadhaa, jiji hupitisha mashine kwenye njia za miguu na gharama hugawiwa wenye viwanja. Chini ya hapo, kila mtu na koleo lake. Mwaka 2023 baraza la Chicago lilikubali kuandaliwa mpango wa majaribio wa jiji kusafisha njia hizo. Mimi ningeanza na vituo vya basi na kona, kwa sababu matuta ya pale mengi yameachwa na malori ya jiji lenyewe.