Mama mkwe kawa bubu

Jamani, kompyuta yangu ina brauza mbili, zile programu za kufungulia tovuti. Wenye Kiswahili chao wanataka niziite vivinjari, lakini nenda Kariakoo umwambie fundi "kivinjari changu hakisikiki" uone kama hatakuuliza umekunywa chai. Moja ni ya kazi. Ya pili ni ya mpira na mambo yangu, tuishie hapo.

Jumamosi mama mkwe kashuka na basi kutoka Tanga, na ombi lake moja tu: aione harusi ya bintiye mdogo, ambayo mpiga picha kaipandisha YouTube. Hasa pale alipotoa nasaha. Nikafungua brauza ya kazi. Watu wanacheza, keki inakatwa, mama mkwe huyo kashika maiki, mdomo unakwenda, sauti hakuna. Akanigeukia.

"Baba, mbona nimekuwa bubu?"

Nikakimbilia brauza ya pili. Video ile ile, dakika ile ile. Huku sauti ipo, ila ni ya mtu anayesemea mtungini, na mtungi wenyewe uko kwa jirani.

Hapo sasa kila mtu akawa fundi. Shemeji: spika zimekufa. Zimekufaje, wakati nyimbo nilizohifadhi kwenye mashine zinalia hadi dirisha linatetemeka? Mke wangu: zima, washa. Nikazima, nikawasha. Jirani, ambaye hakuna aliyemwita, akachungulia: "Hiyo ni kupiga windo tu." Yaani kufuta Windows na kuiweka upya. Watu hawa ukiwaambia herufi moja imefutika kwenye kibodi, wanakuja na flashi wapige windo.

Na bando linakwenda! Kila ukijaribu tena, harusi inashuka upya. Nikapunguza picha hadi 144p, maana kinachokula bando ni picha, sauti ni mlaji mdogo. Mama mkwe akabaki vidonge vidonge kama ugali uliosongwa na mvulana. "Sauti sina," akasema, "na sura nayo mmeninyang'anya."

Nikaomba dakika kumi. Zikawa arobaini.

Nilichogundua ni kwamba sauti haitoki kwenye video ikaja moja kwa moja sikioni. Inapita koki kama maji ya nyumba ya kupanga. Koki ya kwanza ni ile ya kwenye video yenyewe, na YouTube inaikumbuka ndani ya kila brauza kivyake, hivyo ulichofungua huku kule hakijulikani. Ya pili iko juu kwenye kichupo, ile "tab" yenye jina la ukurasa. Ya tatu imejificha kwenye Windows: bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya spika, fungua "Volume mixer", utakuta kila programu iliyo wazi ina sauti yake. Ya nne ni ya mashine nzima, na hiyo ndiyo tunayohangaika nayo wote. Funga moja tu, hizo nyingine zifungue hadi ziote kutu, hupati tone.

(Na hapo sijataja zile video zinazojiwasha zenyewe bila sauti. Hizo ni makusudi. Chrome ilianza kuzibana mwaka 2018, Firefox ikafuata 2019. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili.)

Brauza ya kazi, juu ya kichupo pana kispika kimepigwa mstari. Kumbe ukinyamazisha hapo hunyamazishi kichupo kimoja, unanyamazisha tovuti nzima, na inabaki hivyo hadi uifungulie mwenyewe. Nani alinyamazisha? Mimi, siku ya mkutano wa bosi, goli lilipoingia.

Brauza ya pili, kwenye Windows iko 6. Sita! Kati ya 100! Nani kaiweka? Mimi tena, usiku wa mechi, mtoto kalala. Miezi imepita, mtoto ameota meno, Windows haijasahau.

Nikafungua koki zote, nikavuta mpaka mwisho, nikarudisha video nyuma kidogo ili mama asikose hata neno la nasaha. Nikarudisha nyuma mno. Nasaha zilikuwa bado, ila maiki ilikuwa tayari mkononi, na tayari imewashwa. Sebule nzima ikamsikia mama mkwe akimnong'oneza shangazi:

"Huyu mkwe tumemchagua wenyewe. Yule mwingine tuliletewa."

Yule mwingine ndiye aliyeshika mausi.

Mke wangu akaanza kuhesabu mbao za dari. Shemeji akakumbuka simu ya kupiga. Nikarudi polepole kule kwenye Windows, nikashusha hadi 6.

"Imeanza tena, mama."

"Naona, baba," akasema, anavuta khanga. "Mashine hizi hazina adabu."