Ufunguo weka, jina acha

Kuna wanaoona jedwali la muda kwenye hifadhidata halistahili ufunguo msingi (primary key), yaani kanuni inayokataa thamani ileile kuingia mara mbili. Linaishi sekunde chache kisha linakufa, ya nini kujisumbua? Mimi siko upande wao. Jedwali la muda ndilo linalopokea data ikiwa bado chafu. Pasipo ufunguo, mteja mmoja huingia mara mbili kimyakimya, ukija kuunganisha na jedwali la malipo jumla yake inapanda maradufu, na hakuna anayeshtuka. Ufunguo ungegoma palepale kwenye INSERT, amri ya kuingiza data.

Ila kwenye SQL Server, mfumo wa hifadhidata wa Microsoft, ufunguo huo usiupe jina. Hili nimelijua kwa aibu. Niliandika ripoti yenye jedwali #mauzo (alama # ndiyo hulifanya la muda), nikaweka CONSTRAINT PK_mauzo PRIMARY KEY (mteja_id), kama nilivyozoea kwenye majedwali ya kudumu. Kwangu ilikwenda vizuri wiki nzima. Siku watu wawili walipoifungua kwa pamoja, mmoja alipata ripoti, mwenzake akapata kosa namba 2714: tayari kuna kitu kiitwacho PK_mauzo. Mimi nikaenda kukagua data nusu siku, wakati data haikuwa na neno.

Kumbe tempdb, hifadhidata yanamokaa majedwali ya muda, ni moja kwa seva nzima. Jina la jedwali, seva hulirefusha yenyewe kwa mistari ya chini na namba mwishoni, kwa hiyo #mauzo yangu na #mauzo yako hayagongani. (Ndiyo sababu jina la jedwali hilo lina ukomo wa herufi 116, si 128.) Jina la ufunguo haliguswi. Linaingia kama lilivyoandikwa, na la pili likija linakuta kiti kimekaliwa.

Andika PRIMARY KEY tupu ndani ya CREATE TABLE, seva itabuni jina. Tena ndani ya prosija (amri zilizohifadhiwa kwenye seva na kuitwa kwa jina), jedwali lenye ufunguo uliopewa jina halihifadhiwi kwa matumizi ya mara nyingine, linaundwa upya kila prosija inapoitwa. Kuuongeza ufunguo baadaye kwa ALTER TABLE nako kunaleta hasara hiyohiyo, na wapenzi wa SELECT INTO, inayounda jedwali jipya kwa kunakili data, wakumbuke kwamba haibebi ufunguo wa jedwali la asili.

Wa PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, wanaweza kutucheka, kwani kwao kila sesheni (muunganisho wa mtumiaji) ina skima yake ya muda, yaani chumba chake cha majina, hivyo majina hayagongani.

Ripoti yangu ilipona kwa kufuta maneno mawili.