Nimestaafu, sasa nalala kwenye Hiace

Wazee wenzangu mnaojua tabu ya hela kuingia akaunti na mke akajua kabla yako, naomba mnisikilize kwanza halafu ndo mnicheke. Mimi nimestaafu, kikokotoo cha mafao kimepiga hesabu zake, hela ikaingia, ile hela ambayo ukiiangalia kwenye simu unaona nyingi ila ukianza kutaja matumizi kwa mdomo inaisha hujafika hata kwenye ada. Nikasema moyoni, miaka thelathini na ushee naamka saa kumi na moja alfajiri, likizo sijawahi kuiona. Likizo zangu zote nilienda Kwimba kuombwa hela. Kijijini hupumziki, unakalishwa kwenye kigoda chini ya mwembe watu wanakuja kwa foleni kama umefungua zahanati, huyu bati, huyu ada, huyu ng'ombe wake kafa na wewe ndo unatakiwa ulie, unarudi mjini na gunia la michembe na presha imepanda.

Chanzo cha yote ni yule mzungu. Nilikuwa nimeenda Luchelele kununua sato kwa wavuvi, nakuta lori limepaki chini ya mti kando ya ziwa, lina madirisha yenye mapazia. Nje kuna babu wa kizungu kavaa kaptula anamenya vitunguu, mkewe anaanika soksi kwenye saiti mira. Nikasalimia, nikapewa kiti cha kukunja na kahawa isiyo na sukari. Kiingereza changu cha ofisini kikaamka. Kumbe ni Waingereza, mzee kastaafu kama mimi tu, na lile lori ndo nyumba, walilipandisha meli likashukia Walvis Bay kule Namibia, wakaja nalo mdogo mdogo, Zambia hiyo, Tabora hiyo, mpaka wametokea Geita na kupita juu ya daraja letu la Kigongo–Busisi bila hata kujua kwamba sisi tuliwahi kuzeekea pale kusubiri kivuko.

Sasa mzee akanipa stori yake. Zamani walikuwa na nyumba ya mapumziko Hispania, mke ndo aliitaka, wakawa wanajiendea wanavyotaka. Halafu nchi yao ikajitoa Umoja wa Ulaya, na toka 2021 Mwingereza asiye na kibali cha ukaazi anaruhusiwa kukaa kule siku 90 tu katika kila siku 180. Yaani nyumba yako, kitanda chako, bili ya maji unalipa wewe, halafu unahesabiwa siku kama mgeni kwa shemeji. Wakauza, wakanunua lori. Mama wa kizungu alikuwa anasikiliza huku anakunja soksi, hakusema kitu, ila nilimwona anavyozikunja. Ile soksi ilikuwa inaongea.

Akanipandisha ndani. Kitanda, friji, jiko, tangi la maji, sola juu ya paa, mpaka rafu ya vitabu. Nikauliza, samahani mzee mwenzangu, na choo? Akashuka akazunguka nyuma, akafungua kimlango, akachomoa kitu kama mtu anachomoa droo ya kabati, boksi lina mpini na vimagurudumu kama begi la uwanja wa ndege. Akaniambia likijaa analiburuza kwenda kulimwaga chooni, lina dawa yake halinuki, na anasema hayo kwa fahari kabisa. Nikamtazama yule mtu, kafanya kazi maisha yake yote, ana pensheni, kavuka bahari, kafika Luchelele, anaburuza. Nikasema hapo kwenye boksi tutaachana, ila mengine yote nayataka.

Nimefika nyumbani Buhongwa mama Kulwa anachambua dagaa. Nikamwaga sera. Hakuinua hata kichwa.

"Unataka tuuze nini?"

"Hatuuzi, tunanunua. Gari lenye kitanda. Tunazunguka."

"Baba Kulwa, hii nyumba tumejenga miaka kumi na moja, kila ukichimba msingi unakutana na jiwe, tumekaanga mawe kwa matairi ili yapasuke mpaka majirani wakashtaki moshi. Choo cha kukaa tumeweka juzi. Leo nikalale kwenye gari kama konda?"

Nikanyamaza. Na hapo ndo nikajua mwenzangu alikuwa na bajeti yake, maana alifuta mikono kwenye kanga, akatoa simu, akanionyesha picha. Nyumba. Ya Kisumu! Mdogo wake kaolewa kule, na mume wake ndo anaijua hiyo nyumba, vyumba viwili na baraza inatazama ziwa. Mama Kulwa anataka na sisi tuwe na kwetu ng'ambo, tuwe tunaenda kupumzika Desemba, akirudi kwenye kikoba awaambie wenzake "nilikuwa nje". Nikamwuliza, mama Kulwa, ziwa gani hilo linaonekana kwenye baraza? Akasema si Victoria. Nikasema Victoria ipi, hii ya hapa Mwanza ambayo nikipanda juu ya jiwe la jirani naiona bure? Nitoe mafao yangu, nivuke Sirari, nikagonge pasi, nikakate ile bima ya kadi ya njano ya COMESA, nikabadilishe hela ambayo moja yao inakula karibu ishirini za kwetu, ili nikaliangalie ziwa hili hili kwa nyuma?

Na mambo ya ardhi je. Nikampigia huyo shemeji, mtu mstaarabu, akasema ukweli: katiba yao ya 2010 inasema asiye raia hamiliki ardhi moja kwa moja, anapewa kwa kukodishiwa, mwisho miaka 99. Nikamgeukia mke wangu nimenyoosha shingo, umesikia, ya kupanga hiyo! Na usiniambie Entebbe, Uganda nako mgeni ni hivyo hivyo, 99. Mama Kulwa akaniuliza taratibu, "Hati ya hapa Buhongwa imeandikwa miaka mingapi?" Tisini na tisa. "Na wewe una miaka mingapi?" Sitini na moja. "Sasa unaogopa itakwisha ukiwa wapi?" Kuna wanawake hawakutakiwa kuishia kuchambua dagaa, walitakiwa mahakamani.

Ila mimi hofu yangu kubwa haikuwa sheria, ilikuwa mlinzi. Nina kiwanja Kisesa, ni hapo tu, nikaweka kuku arobaini na kijana wa kuwaangalia. Wiki ya tatu kapiga simu, mzee kideri kimepita. Kimeua wote? Wote. Nimefika sijaona mzoga hata mmoja, sijaona unyoya, ila kijana kanenepa na ana simu mpya. Sasa kama kideri kinaweza kufanya vile Kisesa, Kisumu si kitapita na mabati?

Basi tukanuniana siku nne. Mimi nikaingia mtandaoni kuangalia yale magari ya kulala ya Japani, mazuri, mpaka na sinki. Bei yenyewe unavumilia, ukijumlisha meli, ushuru, na ile kodi ya uchakavu kwa sababu gari limezeeka, nikaona hapa nachajiwa uzee mara mbili, wa gari na wa kwangu. Nikafunga simu. Nikatoka nje. Na pale nje ndo nikaiona Hiace yangu.

Hii Hiace mnaijua, ilipiga ruti ya Igoma miaka sita, ikanilisha miaka miwili, minne iliyobaki ikamlisha dereva. Ilikuwa imesimama kwenye matofali, kuku wa mama Kulwa wanatagia chini ya siti ya nyuma. Nikaita fundi, injini ikakohoa ikakubali. Siti zote nikang'oa (zipo sebuleni kwa fundi mpaka leo, amesema atanilipa, wageni wake wanakalia). Seremala akanipigia kitanda kwa mbao, godoro la futi tatu, jiko la gesi la kilo sita, pazia la kanga, ndoo yenye mfuniko kwa mambo yale. Ubavuni bado imeandikwa "Mgema Akisifiwa", rangi imegoma kufutika.

Jumapili ya kwanza nikaenda nayo darajani. Mama Kulwa kagoma, kanifungashia tu viazi. Lile daraja lilifunguliwa Juni 2025, ni kilomita kama tatu hivi juu ya maji, na mimi nilikuwa nimejiandaa kisaikolojia kwa safari. Aisee! Dakika chache uko Busisi. Kivuko kilikuwa kinakupa muda wa kula mahindi, kugombana na mtu, kupatana naye na kujuana kwamba ni ndugu yako wa Sengerema. Daraja unavuka hata kiazi hujamenya. Nikageuza nikarudi, na kwenye kurudi ndo nikapigwa mkono na trafiki.

"Mzee, kadi inasema gari la abiria. Siti ziko wapi?"

"Sio ya abiria tena afande. Ni nyumba."

Akachungulia ndani. Akaona kitanda, akaona jiko, akaona ndoo. "Nyumba ina namba za usajili?" Akaita mwenzake aje aone. Wakacheka, ila kucheka hakukuzuia kalamu, elfu thelathini.

Nikasema sikubali siku iishe hivi. Nikaenda Luchelele pale pale chini ya mti wa mzungu, nikawasha jiko, nikakaanga dagaa, jua linazama, mawe yanawaka rangi, ziwa limetulia kama chai kwenye sahani, na kwa dakika ishirini, nawaambia ukweli, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoa wa Mwanza. Halafu nikawasha taa ya ndani. Kumbe ulikuwa msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaoinuka majini kama moshi. Mzungu ana nyavu madirishani, mimi nina kanga. Waliingia wote. Walijaa kwenye dagaa, kwenye chai, puani, nikizima taa nasikia wanatembea kwenye dari, nikifungua mlango wanaingia waliokuwa hawajapata nafasi. Saa nane usiku ndo nimepata lepe la usingizi, naskia ngo ngo ngo.

Doria. Vijana wanne na tochi. "Mzee fungua nyuma, umebeba nini?" Maana gari iliyozimwa taa kando ya ziwa saa nane usiku, wao wanajua ni sangara wachanga tu, wale chini ya sentimita hamsini wasiotakiwa kuvuliwa. Nikasema nimekuja kupumzika. "Kupumzika kutoka wapi?" Buhongwa. "Buhongwa hapo? Huna kwako?" Ninako. "Sasa unapumzika nini?" Mmoja akainua mfuniko wa sufuria kukagua dagaa, mwingine akaelekea kwenye ile ndoo, nikamwambia kijana wangu hiyo usifungue, na unajua ukimwambia mtu wa doria asifungue kitu anafanyaje. Alifungua. Waliondoka haraka sana.

Asubuhi nimerudi nyumbani nimevimba uso mzima, nikapaki uani, nikaona aibu kuingia ndani, nikalala humo humo kwenye gari mpaka saa saba mchana. Hilo ndo lilikuwa kosa langu kubwa. Jirani kachungulia juu ya ukuta kaona mzee kalala kwenye Hiace, nguo imetundikwa, uso umevimba. Mpaka saa tisa habari imefika sokoni kwamba mama Kulwa kampiga mumewe kamfukuza. Saa kumi balozi wa nyumba kumi kaja na wazee wawili, wamevaa makoti, wanaongea kwa sauti ya msibani. Nikasema jamani hakuna ugomvi, hii ni likizo. Balozi akanishika bega, "Ng'wanangwa, sote tumepitia." Mama Kulwa alipoitwa atoe maelezo, badala ya kukanusha akakaa kwenye mkeka akasema, "Mwulizeni mwenyewe kwa nini hataki kuninunulia nyumba." Kikao kilienda mpaka magharibi. Nikatozwa kuku.

Baada ya hapo tukakubaliana yasinunuliwe yote mawili, hela ikae. Ikakaa siku tisa. Siku ya kumi mdogo wake mama Kulwa kapiga simu kutoka Kisumu, shule zimefunga, wanakuja kwetu kupumzika, yeye na mume na watoto wanne na mama mkwe, maana wamesikia Mwanza kuna upepo mzuri, na kwa nini wahangaike na hoteli wakati dada yao ana nyumba nje ya nchi. Nje ya nchi ndo hapa Buhongwa! Mama Kulwa akanitazama kwa furaha ambayo sijaiona tangu mapacha wazaliwe.

Wamefika Ijumaa. Leo ni siku ya kumi na mbili. Chumba chetu amepewa mama mkwe kwa sababu ya magoti, mama Kulwa yuko na mdogo wake wanapiga stori mpaka usiku wa manane, sebule ya watoto. Mimi nawaandikia haya kutoka kwenye Hiace, taa nimezima kwa sababu mnazozijua, nimeegemeza miguu kwenye mtungi wa gesi. Asubuhi nimeamshwa na mke wangu anagonga kioo, nikajua chai, kumbe nisogeze gari, nawazibia jua dagaa wake. Nikasogeza. Wakati narudi rivasi balozi alikuwa anapita na baiskeli, akasimama, akanitazama kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Bado tu hamjapatana?"